Chaza Wakubwa na Jamaa Zao katika Tangi la Matumbawe

Mnyama wa baharini mwenye gamba la vipande viwili hana kichwa, hana meno, wala hana ulimi wa kukwangulia mwani kama alio nao konokono. Chaza, kombe na kome wote wako hivyo. Hufungua magamba kidogo, huvuta maji kwa tundu moja, huyapitisha kwenye matamvua na kuyatoa kwa tundu la pili. Matamvua hayo yana kazi mbili: kupumua, na kunasa chembe zinazoelea majini, ambazo husukumwa na vinyweleo vidogo mno hadi mdomoni. Ndiyo maana mtu anayetaka kumweka mnyama wa aina hii katika tangi la matumbawe nyumbani aanze kwa kujiuliza atamlisha nini. Rangi na bei zifuate baadaye. Kichujio cha povu, vitambaa vya kuchujia na wanyama wengine waliomo tangini huziondoa chembe hizo usiku na mchana, na maji yanayomfurahisha mwenye nyumba kwa uangavu wake ndiyo yanayomnyima kombe riziki.

Lipo kundi moja lililopata njia ya kuikwepa njaa hiyo. Ni chaza wakubwa wa jenasi Tridacna na ndugu zao wachache wa jenasi Hippopus. Ndani ya joho lao, yaani ule mkunjo wa nyama yenye rangi unaotandazwa nje ya gamba mchana, mna vijirija vinavyoanzia tumboni, na ndani ya vijirija hivyo huishi mamilioni ya mwani wa chembe moja uitwao zuzantela. Mwani huu hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea chaza. Mwanazuoni Mwingereza C. M. Yonge, aliyeongoza msafara wa utafiti katika Mwamba Mkuu wa Australia mwaka 1928 na 1929, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuueleza ushirika huo kwa kina. Chaza hakuacha kuchuja maji kwa sababu hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 juu ya Tridacna gigas ulionyesha kuwa chaza mchanga sana alipata takriban asilimia 65 ya kaboni aliyoihitaji kwa kuchuja, na mkubwa zaidi alipata asilimia 34 tu kwa njia hiyo. Mfugaji anayeambiwa dukani kwamba chaza mdogo wa sentimita tatu anahitaji taa tu ameambiwa nusu ya habari.

Kombe wasio na mwani mwilini ni habari nyingine kabisa. Anayeuzwa sana ni Ctenoides, mwenye nyama nyekundu na minyiri mingi inayochezacheza ukingoni. Ctenoides scaber hutoka Bahari ya Karibi. Jamaa yake wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, Ctenoides ales, ana utepe ukingoni unaomulikamulika mithili ya umeme. Mng'ao huo si mwanga wa mwili: mwaka 2014 ilielezwa kuwa chembe ndogo mno za silika zilizomo katika upande mmoja wa utepe huakisi mwanga wa nje kila utepe unapokunjwa na kukunjuliwa. Ni mnyama wa kupendeza, bei yake ni nafuu, na katika matangi mengi hufa ndani ya miezi michache. Hafi kwa ghafla. Husinyaa kidogo kidogo ndani ya gamba ambalo ukubwa wake haubadiliki, hivyo hakuna anayeona amekonda. Mambo ni hayo hayo kwa Spondylus mwenye miiba, kwa chaza wa lulu, kwa panga za jenasi Pinna na kwa kome wanaookotwa maji yanapokupwa. Kuwatunza kunahitaji fitoplanktoni hai kila siku, mara kadhaa kwa siku, na tangi linaloweza kuubeba uchafu wa chakula hicho. Mfugaji asiye na muda wa kuotesha mwani wake mwenyewe awaache. Yanayofuata, isipokuwa pale itakapoelezwa vingine, yanawahusu Tridacna.

Katika jenasi hiyo spishi nne huonekana madukani mara kwa mara. Tridacna derasa hufikia sentimita 60, hukua haraka, huvumilia mwanga wa wastani, na ndiye anayemfaa mtu anayeanza, mradi tangi liwe na nafasi ya kumpokea atakapokuwa mkubwa. Tridacna squamosa, mwenye magamba yaliyopambwa kwa vigae vilivyobenuka, hufikia sentimita 40 na hustahimili karibu sawa na derasa. Tridacna maxima hubaki mdogo zaidi, kwa kawaida chini ya sentimita 30, ana rangi kali za buluu, zambarau na kijani, na anataka mwanga mkali. Tridacna crocea ni mdogo kuliko wote, wa sentimita 15 hivi, na katika bahari hujichimbia ndani ya mwamba hadi joho lake tu ndilo linaloonekana. Tridacna gigas, anayepita mita moja na kilo 200, hana nafasi katika nyumba ya mtu wa kawaida, hata auzwe akiwa na ukubwa wa kiganja. Squamosa na maxima wanaishi pia katika miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, na mzamiaji wa Watamu au Mafia huwaona bila kusafiri mbali. Kuwaona ni halali. Kuwang'oa ndani ya hifadhi ya bahari ni kosa.

Biashara ya kimataifa ya chaza hawa wote iko chini ya Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo kuwavusha mipaka kunahitaji kibali. Mnunuzi ana haki ya kuuliza chaza ametoka wapi na kuonyeshwa karatasi. Zaidi ya sheria, aliyezalishwa shambani ni bora kwa mfugaji. Kituo cha Palau kilichoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba derasa anaweza kuzalishwa kwa wingi kilifungua njia, na leo sehemu kubwa ya derasa waliomo katika biashara hutoka mashambani. Huyu amezoea maji ya tangi tangu utotoni, wala hakung'olewa mwambani kwa nyundo na patasi.

Tangi liwe limekomaa kabla chaza hajaletwa. Miezi sita ni haba. Mwaka ni bora. Katika kipindi hicho bakteria wa kuvunja amonia huenea, viwango vya madini huacha kupandashuka, na mfugaji hujifunza tabia za tangi lake. Ukubwa nao una maana. Katika tangi dogo makosa ya saa moja huonekana saa hiyo hiyo, na lita 200 ni kiasi cha chini kinachofaa kwa maxima mmoja na matumbawe machache. Derasa aliyekomaa anahitaji mara mbili ya hapo, na upana wa tangi ni muhimu kuliko urefu wake wa kwenda juu, kwa kuwa chaza hukua kwa kujitanua.

Mwanga ndio unaoamua mengi. Kipimo kinachotumika ni PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia. Derasa na squamosa huridhika na PAR ya 200 hadi 300 pale walipolala. Maxima na crocea wanataka 300 na zaidi. Taa nzuri za LED hufikia viwango hivyo, lakini mwanga hupungua kadiri kina kinavyoongezeka, na macho ya binadamu hayafai kuwa kipimo kwa sababu hujirekebisha yenyewe. Kifaa cha kupimia kinaweza kuazimwa kwa mfugaji mwenzake au kwenye duka linalojali wateja wake. Kosa la upande wa pili ni kumleta chaza aliyekaa siku kadhaa gizani ndani ya sanduku la usafirishaji na kumweka papo hapo chini ya taa kali. Aanze chini, au taa zipunguzwe, kisha mwanga uongezwe hatua kwa hatua kwa wiki mbili au tatu. Chaza anayenyoosha joho lake kupita kiasi, hadi linafunika gamba zima, mara nyingi anatafuta mwanga zaidi. Anayelikunja ndani wakati taa zimewaka huenda ameungua au kuna kinachomsumbua.

Joto linafuata, na hapa mfugaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar ana shida ambayo vitabu vingi vya tangi, vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, havikuifikiria. Maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi yanafaa. Yakipita 30 kwa siku nyingi, chaza huanza kuutoa mwani wake na joho hupauka, jambo lile lile lililoyapata matumbawe ya Bahari ya Hindi mwaka 1998. Katika chumba chenye joto la Februari, taa na pampu huongeza nyuzi kadhaa juu ya zilizopo. Feni inayopuliza juu ya uso wa maji huyapoza kwa nyuzi mbili au tatu kwa kuyafanya yavukize, lakini chumvi haivukizi, kwa hiyo kiasi kilichopungua kirudishwe kila siku kwa maji baridi yaliyochujwa. Mashine ya kupozea hugharimu pesa nyingi na hula umeme. Umeme nao hukatika. Pampu ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha bei ndogo ambacho tangi lolote lenye chaza halipaswi kukikosa, kwa sababu oksijeni huisha mapema kuliko kitu kingine chochote.

Anayeishi karibu na bahari anaweza kutumia maji ya bahari yenyewe. Yachotwe maji yakiwa yamejaa, mbali na mito, bandari na mifereji ya mji, na si katika siku za mvua za masika, wakati maji ya mito hupunguza chumvi na kuleta matope. Yaache yatulie gizani siku chache, yachujwe, kisha yapimwe. Anayetengeneza maji kwa chumvi ya dukani atumie maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, kwa kuwa ya bomba yana klorini na mara nyingi fosfati na nitrati. Chumvi iwe gramu 35 kwa kila kilo ya maji, sawa na uzito linganishi wa 1.025 au 1.026.

Chaza hujenga gamba lake kwa kalsiamu na kaboneti, na anayekua vizuri hunyonya vyote viwili kwa kasi inayoweza kumshangaza mfugaji aliyezoea matumbawe laini. Kalsiamu ibaki kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, alkali kati ya dKH 8 na 11, magnesiamu karibu na 1,300, na pH kati ya 8.1 na 8.4. Kutotikisika kwa namba hizi kuna thamani kuliko ukamilifu wake: alkali ya 8 isiyobadilika inamfaa chaza kuliko ya 9 leo na 11 kesho. Njia ya zamani na rahisi ya kurudisha kalsiamu ni maji ya chokaa, yanayodondoshwa pole pole usiku ili pH isiruke. Chokaa iwe safi, ya kiwango cha chakula au maabara. Ya kujengea ina uchafu usiojulikana, na haifai hata kama jirani anaapa kwamba aliitumia.

Nitrati na fosfati ni mahali ambapo ushauri wa kawaida humpotosha mtu. Mwani ulio ndani ya joho unahitaji nitrojeni, na chaza huichukua kutoka majini moja kwa moja, ikiwemo amonia inayotolewa na samaki. Tangi lililosafishwa hadi nitrati ikawa sifuri humdhoofisha. Miligramu 2 hadi 10 za nitrati kwa lita, na fosfati kidogo isiyozidi 0.1, ni hali ya kawaida isiyohitaji dawa. Samaki wachache wanaolishwa vizuri humsaidia chaza kuliko chupa nyingi za chakula. Kwa aliye chini ya sentimita tano, fitoplanktoni iongezwe mara mbili au tatu kwa wiki. Nannochloropsis ana ukubwa wa mikromita mbili hadi tatu, Isochrysis ni mkubwa kidogo, na Tetraselmis hufikia karibu kumi. Mchanganyiko unafaa kuliko aina moja. Kichujio cha povu na taa ya urujuanimno vizimwe kwa saa moja au mbili wakati wa kulisha, na viwashwe tena bila kusahau. Kumrushia chakula ndani ya tundu lake kwa bomba la sindano humfanya ajifunge tu.

Siku ya kununua, chaza achunguzwe kabla ya kuulizwa bei. Chaza wana mamia ya macho madogo ukingoni mwa joho, yanayotambua mabadiliko ya mwanga, kwa hiyo kivuli cha mkono kikipita juu yake mwenye afya hukunja joho mara moja. Anayechelewa kuitikia, ambaye tundu lake la kuvutia maji limeachama wazi muda wote, amechoka na huenda hatapona. Ukingo mpya mweupe kwenye gamba ni dalili kwamba amekuwa akikua. Halafu sehemu ya chini itazamwe, pale penye tundu la nyuzi za kujishikizia. Nyuzi hizo hutoka katika kiungo laini, na aliyenyofolewa kwa nguvu kutoka mwambani huwa na jeraha hapo. Wengi wanaokufa wiki chache baada ya kununuliwa, huku mfugaji akilaumu taa, waliuawa na jeraha hilo. Muuzaji anayevuta chaza kwa mkono badala ya kuzikata nyuzi kwa wembe, karibu kabisa na jiwe, asinunuliwe kitu.

Nyumbani, mfuko uelee majini dakika ishirini hivi ili joto lilingane, kisha maji ya tangi yadondoshwe ndani yake kwa saa moja. Chaza akiingizwa tangini aelekezwe huku na huku taratibu hadi viputo vya hewa vilivyonaswa ndani vitoke. Derasa na squamosa huwekwa juu ya mchanga, ila kipande bapa cha jiwe kizikwe chini yao ili nyuzi zipate pa kushika. Jiwe hilo pia huwazuia minyoo na kaa kufika kwenye tundu la chini. Faida nyingine ni kwamba chaza anaweza kuhamishwa pamoja na jiwe lake bila kukata chochote. Maxima na crocea huwekwa juu ya mwamba, katika kishimo kinachowazuia kuanguka. Asiyeridhika na mahali pake hujirusha kwa kufunga magamba ghafla, na asubuhi hukutwa amelala ubavu. Arudishwe mara moja au mbili, lakini anayeondoka mara kwa mara atafutiwe mahali pengine. Mkondo wa maji uwe wa wastani na wa kubadilika. Pampu inayompulizia usoni huligeuza joho lisifunguke.

Majirani wachaguliwe kwa tahadhari. Bunju na kikande wana meno ya kuvunjia magamba na hawafai kabisa. Samaki kipepeo wengi humdonoa, na samaki wa jenasi Pomacanthus na Centropyge ni bahati nasibu: mmoja huishi naye miaka bila tatizo, mwingine humla ukingo wa joho siku ya tatu. Kamba wasafishaji kwa kawaida hawana madhara, ingawa wakiwa na njaa hutembea juu ya joho hadi chaza anakata tamaa ya kufunguka. Anemoni hatulii mahali pamoja, na akimfikia chaza humuunguza. Matumbawe yenye minyiri mirefu yawe umbali wa kutosha.

Adui mdogo ni hatari kuliko samaki. Konokono wa jamii ya Pyramidellidae, weupe na wadogo kama punje za mchele, hujificha mchana chini ya chaza au katika mikunjo ya gamba, na usiku hupanda ukingoni kumfyonza kwa mrija. Wawili hawamdhuru sana chaza mkubwa, mia humuua. Kila chaza mpya akaguliwe saa mbili tatu baada ya taa kuzimwa, kwa tochi. Konokono waondolewe kwa kibano, na magamba yasuguliwe kwa mswaki mpya ili kuondoa ute wa mayai yao. Samaki mdogo mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, husaidia kuwala, lakini hachukui nafasi ya ukaguzi.

Ugonjwa unaowasumbua hasa maxima na crocea ni wa joho kubanwa: sehemu ya ukingo hujikunja na kukazwa, na mkazo husambaa siku baada ya siku. Wafugaji wengi humzamisha mgonjwa katika maji baridi yaliyochujwa, yenye joto na pH sawa na ya tangi, kwa dakika 20 hadi 30, na mara nyingi hupona. Dawa za samaki zenye shaba ziwekwe mbali kabisa. Shaba huua wanyama wasio na uti wa mgongo kwa kiasi kidogo mno, na mwamba ulioinywa huendelea kuitoa baada ya matibabu kwisha. Samaki wagonjwa watibiwe katika tangi lao peke yao.

Chaza hawa huwa na jinsia mbili katika mwili mmoja. Mara chache, hasa joto likipanda ghafla, mkubwa huanza kutoa mbegu kwa mfyatuko, na maji hugeuka meupe, mayai hufuata. Hakuna mtoto atakayekua katika tangi hilo, ila oksijeni itashuka haraka. Chaza ahamishiwe kwenye ndoo ya maji ya tangi hadi amalize, kichujio cha povu kifanye kazi kwa nguvu zote, kaboni iliyoamilishwa iwekwe, na robo ya maji ibadilishwe. Hatua hizo hizo hufuatwa chaza anapokufa. Msuli wa kufungia ukishalegea, magamba hubaki wazi hata yakiguswa, na nyama huoza ndani ya saa chache katika maji ya joto. Aondolewe siku hiyo hiyo, gamba lifuatwe hata kama limejificha nyuma ya mwamba, na amonia ipimwe asubuhi na jioni kwa siku tatu kabla ya mnyama mwingine kuingizwa.